Aika

Kwa lugha ya nyumbani, aika ni asante.
Mama alinipa jina hilo mwaka wa njaa,
mwaka mibuni iliponyauka ikiwa na mimba ya matunda
na baba akateremshwa Mawenzi kwa machela, asirudi.
Majirani wakamuuliza: mjane, unashukuru nini?
Akanifunua nguo, akawaonyesha.
"Huyu hapa. Ana vidole kumi."

Nimekuwa nalo miaka arobaini na sita
kama gauni lililoshonwa nikue nalo.
Linanipwaya mabegani hadi leo.

Niseme ukweli: mimi si mtu wa shukrani.
Kaka zangu wako Dar. Disemba wanapanda Mbokomu,
vioo juu, migomba ikikwaruza milango ya magari,
wanachinja mbuzi, wanapiga picha na mama,
siku ya nne wameshuka.
Mama anabaki na blanketi jipya,
mimi nabaki na orodha ya dawa
na shuka.
Wiki hii shuka saba.
Wengine jioni husali; mimi huhesabu kamba ya kuanikia.

Mama amesahau karibu vyote.
Amesahau kwamba baba amekufa, humwekea mtori
na kunigombeza nikiumwagia kuku.
Sala aliyonifundisha yeye, anaianza vizuri,
anafika kwenye mkate
anasimama pale,
kama mtu aliyefika kwake.

Jumapili ya mavuno nilimvika kitenge, tukaenda,
mkono mmoja kumshika yeye,
mkono mmoja kopo la majani ya chai
lenye pumba na mayai matatu.
Mchungaji alihubiri kuridhika.
Paulo, alisema, aliridhika hata kifungoni.
Nikawaza: na nani alikuwa akimfulia Paulo?
Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu
nikajifanya nakohoa.

Nje, mnadani, Mzee Ndekirwa alipaza sauti
juu ya mikungu, maboga, jogoo aliyefungwa miguu.
"Mayai matatu! Elfu moja! Nani ana mbili?"
Niliinamisha uso. Matatu tu, na moja lina kinyesi.
Mama Eliaichi wa duka la mbolea akayachukua kwa elfu kumi,
watu wakapiga vigelegele,
naye akaja moja kwa moja, akapiga goti kwenye nyasi
akaliweka kopo mapajani mwa mama.

Mama akaingiza mkono kwenye pumba,
akalipapasa lile chafu, polepole,
kama shavu la mtoto.
Akasema, "Aika."

"Abee, mama," nikaitika.
Hakugeuka.
Nami nikabaki nimeinama, nusu ya kuitika,
nisijue kama nimeitwa
au nimepita tu karibu na mtu anayezungumza na Mungu.

Tangu hapo nasikiliza.
Ukimpa maji: aika.
Ukimfunga lesi: aika.
Mvua ikianza kwenye bati, hajaambiwa na mtu: aika.
Na kila mara moyo wangu unanyanyuka kwenda kumwona,
kama mbwa aliyesikia jina lake.

Usiku wa jana ilikuwa saa tisa.
Nikabadilisha shuka, ya nane,
ulimi ukiwa tayari na lile neno chungu.
Akanishika mkono gizani, akaanza kunigusa vidole.
Kimoja. Viwili. Alipofika saba akapotea,
akarudi mwanzo bila haraka.
Kimoja. Viwili.
Mferejini maji yalikuwa yakipita kwenda kwa wengine.
Baridi ya mlima iliingia chini ya mlango.
Mara sita, mara saba alianza,
kumi haikufika,
na mimi niliyehesabu kila kitu maisha yangu yote
sikumsaidia.